Una Saa Mbili Mji Mkongwe? Namna ya Kuingia Makumbusho na Kutazama Sanaa Bila Kujipanga

Maswali ni yaleyale, yanakuja kwa zamu. Shemeji kashuka na boti kutoka Pemba, shughuli yake ya Mnazi Mmoja imekwisha saa nne asubuhi, na aliyemfuata hatoki kazini mpaka adhuhuri. Kijana wa Ng'ambo kamaliza mitihani, kaja mjini na rafiki yake, hawataki kukaa Forodhani wakiangalia simu. Wote huniuliza hivi: mimi mwenyeji naruhusiwa kuingia? Lazima nikodi mtu wa kunitembeza? Nikishaingia natazama nini, maana sanaa siijui? Na Beit al-Ajaib je, lile jumba kubwa la ufukweni, limefunguliwa?

Nimeshajibu mara nyingi mno kwa mdomo, leo nayaandika. Mwongozo huu ni wa mtu aliyejikuta Mji Mkongwe na saa mbili za kupoteza, hana mpango, na hajawahi kuingia makumbusho tangu alipopelekwa na skuli. Niseme mapema kwamba unaruhusiwa. Vitu vilivyomo mle vilichongwa, vikafumwa na kupakwa rangi na watu wa visiwa hivi na wa pwani hii, au vililetwa kwa majahazi yaliyotia nanga hapo mbele. Huna haja ya kumwomba mtu radhi kwa kuvitazama.

Jambo la pili la kujua ni kwamba Unguja sanaa haikukusanywa ndani ya jumba moja. Imetawanyika: kidogo kwenye majumba ya makumbusho, kidogo Ngome Kongwe, kidogo kwenye uwanja wa Mkunazini, na nyingi sana kwenye milango ya watu. Kwa hiyo saa zako mbili zitakuwa nusu ndani, nusu nje.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha mkaazi au cha taifa. Kwa kawaida kiingilio cha mwenyeji ni kidogo kuliko cha mgeni, lakini karani wa tiketi hawezi kukijua kitu ambacho hujamwonyesha.
- Fedha taslimu, noti ndogondogo, na salio kwenye simu pia. Kuna pahala utaambiwa hawana chenji.
- Viatu vya chini visivyoteleza. Ngazi za majumba ya zamani zimesimama kama za mnazi.
- Nguo za stara. Utapita mitaa ya watu na misikiti, na Mkunazini ni mahali pa ibada.
- Kijidaftari na penseli. Kalamu ya wino iache mfukoni ukiwa karibu na vitu, kwa sababu doa la wino halitoki.
- Simu yenye chaji, na ujue namna ya kuzima taa ya kamera yako.
- Maji, ya kunywa ukiwa nje.

Kama ulikuwa na nia ya kununua samaki Darajani, nunua wakati wa kurudi. Begi kubwa nalo liache kwa mtu unayemjua. Ndani litakuchosha, na mlinzi atakufuata kwa macho chumba hadi chumba.

Hatua ya 1: Tazama siku na saa

Asubuhi baada ya saa tatu ndiyo bora. Ijumaa usiende karibu na adhuhuri, watu wanajiandaa na sala na milango mingi hufungwa. Mwezi wa Ramadhani saa za kazi hubadilika, kwa hiyo pita uulize kwanza. Ukifika zikiwa zimebaki dakika arobaini kabla ya kufunga, usilipe kiingilio. Nenda moja kwa moja hatua ya 8, ya milango, ambayo haina kiingilio wala haifungwi.

Hatua ya 2: Chagua pahala pamoja tu

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanataka Jumba la Kifalme, Ngome, Mkunazini na Beit el Amani asubuhi moja. Wanarudi nyumbani miguu inauma na kichwani hamna kitu. Chagua pamoja. Haya ndiyo ninayowaambia watu ili wachague:

*Jumba la Kifalme*, Beit al-Sahel, liko ufukweni baada tu ya Beit al-Ajaib ukielekea bandarini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 liliitwa Jumba la Wananchi, na 1994 likafanywa makumbusho. Nenda huko kama unapenda samani, picha za watu na khabari za nyumba ya kifalme. Niliyoipenda zaidi ni sehemu ya Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni 1844, akaondoka Unguja 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani na kuandika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886.

*Ngome Kongwe* ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kuondolewa 1698, juu ya mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Ndani mna uwanja, na pembeni maduka ya picha na kazi za mikono. Hii inamfaa mtu mwenye watoto, au mwenye muda mfupi kabisa.

*Mkunazini*, penye kanisa la Kianglikana lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Pana maonyesho ya khabari za biashara ile, na uwanjani pana sanamu ambazo kwangu mimi ndiyo kazi ya sanaa nzito kuliko zote mjini. Nitaieleza peke yake.

*Beit el Amani*, lile jengo jeupe lenye kuba pale Mnazi Mmoja, lilichorwa na J. H. Sinclair na kufunguliwa 1925 kwa ukumbusho wa amani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Hata ukikuta mlango umefungwa, lizunguke kwa nje utazame madirisha yake.

Na *Beit al-Ajaib*? Sehemu kubwa ya mbele iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na watu walipoteza maisha. Usiende kwa matumaini ya kuingia, wala usiruke uzio wowote kwa ajili ya picha. Simama bustani ya Forodhani ulitazame kutoka huko. Sultani Seyyid Barghash alilijenga 1883, kwa nguzo ndefu za chuma na roshani zilizozunguka. Linaelekea baharini, kwa hiyo alasiri ndipo jua linapolipiga usoni.

Tahadhari: majumba haya ni ya zamani na hutengenezwa mara kwa mara. Jumba lililokuwa wazi mwezi uliopita linaweza kuwa na majukwaa ya mafundi leo. Kuwa na chaguo la pili kichwani kabla hujafika mlangoni.

Hatua ya 3: Mlangoni

Toa salamu, na isiwe ya haraka. Anayekaa pale mlangoni mara nyingi amekaa miaka, anajua kila chombo kilikotoka. Baada ya salamu na tiketi, muulize mambo matatu: leo sehemu gani zimefungwa, picha zinaruhusiwa wapi, na yeye mwenyewe akiwa na mgeni humpeleka kwanza kwenye kitu gani. Hilo la tatu usilisahau. Mara mbili nimepelekwa kwenye pembe ambayo peke yangu ningeipita.

Hatua ya 4: Amua kuhusu mwongozaji

Huna lazima. Papasi, wale vijana wanaotafuta wageni wa kuwatembeza, watakufuata pale Forodhani hata kama unazungumza nao Kiswahili. Waambie "ahsante kaka, nimeshafika" na uendelee na njia yako. Ukitaka mtu wa kukueleza, mchukue wa ndani ya makumbusho au mwenye kitambulisho cha kazi, na mpatane bei kabla hamjapiga hatua.

Ushauri wangu kwa mara ya kwanza: ingia peke yako, mwongozaji umchukue mara ya pili. Mtu akikueleza kitu kabla hujakitazama, utakiona kwa macho yake. Isipokuwa Mkunazini. Pale mwongozaji mzuri anasaidia sana, kwa sababu mambo mengi hayaonekani kwa macho.

Hatua ya 5: Zunguka mara moja bila kusimama

Pita vyumba vyote kwa dakika kumi au kumi na tano. Usisome vibao, usipige picha. Unatafuta kitu kilichokuvuta tu. Mguu ukipunguza mwendo wenyewe mbele ya kitu, kiandike daftarini kwa neno moja: "kiti", "yule mzee mwenye jambia", "kasha". Mwisho wa mzunguko uwe na vitu visivyozidi vitatu. Kama unavyo saba, futa vinne. Utaviona siku nyingine, umekaa Unguja hii hii.

Hatua ya 6: Simama na kimoja

Rudi kwenye cha kwanza ukae nacho dakika tano kwa saa. Dakika ya pili itakuwa ngumu, utahisi umeshamaliza. Usiondoke. Jiulize haya, polepole:

Kimetengenezwa na nini, na hicho kitu kilitoka wapi? Mbao ya msaji ilisafiri bahari nzima kutoka India na kwingineko, mfenesi ulikatwa shamba hapa hapa.

Mkono wa fundi unauona wapi? Tafuta alama ya patasi, mstari uliopinda kidogo, ua moja lisilolingana na mengine.

Pamechakaa wapi? Mkono wa kiti uliong'aa kwa kushikwa na ukingo wa kasha uliolika vinakuambia mtu alikuwa anakaa vipi na kufungua vipi.

Nani hayumo? Katika picha ya mfalme kuna kilemba, joho na jambia. Aliyekishona kile kilemba hayumo, wala aliyebeba maji ya kuogea, wala aliyechuma karafuu zilizolipia ile dhahabu. Swali hili ndilo lililonibadilisha mimi. Tangu nilipoanza kujiuliza, siwezi tena kupita mbele ya kiti cha enzi nikaona kiti peke yake.

Kwenye picha ya mtu tazama mikono kabla ya uso. Mchoraji au mpiga picha alijua kila mtu atakwenda usoni, kwa hiyo mikononi mara nyingi pana ukweli zaidi: imeshika upanga, kitabu, au imelegea tu mapajani kama ya mtu aliyechoka kukalishwa.

Kisha, mwisho kabisa, soma kibao cha maelezo. Ukikisoma mwanzo utatazama yale tu kilichoyataja.

Makosa ya hatua hii ni mawili. La kwanza ni kugusa. Kidole kimoja hakidhuru, lakini vidole vya mwaka mzima hula rangi na nakshi, na jasho letu la pwani lina chumvi. La pili ni kupiga picha kwanza, kutazama "baadaye nyumbani". Nyumbani hutazami, unajua mwenyewe.

Hatua ya 7: Kama umechagua Mkunazini

Sanamu ziko uwanjani, ndani ya shimo lililochimbwa chini ya usawa wa ardhi. Ni watu watano waliofungwa minyororo shingoni. Ni kazi ya Clara Sörnäs, msanii kutoka Sweden, ya mwaka 1998, na inaelezwa kwamba mnyororo wenyewe ni wa kweli wa zama zile.

Usisimame upande mmoja. Zunguka ukingo wote. Tazama kwamba miili haikumaliziwa mpaka miguuni, inatoka kwenye jiwe kama mtu aliyezama. Tazama kwamba hakuna anayemtazama mwenzake. Kisha jiangalie wewe ulivyosimama: uko juu, wao wako chini, na aliyelichimba shimo lile alitaka usimame hivyo hivyo. Chuchumaa. Uone kinachobadilika macho yako yakikaribia usawa wa macho yao.

Tahadhari hapa ni moja, nayo naisema kwa mkazo: usijipige picha ukitabasamu mbele ya sanamu hizi, wala usimwache mtoto arukeruke ukingoni. Wapo wanaokuja pale kwa ajili ya mababu zao. Kama kuna mtu amenyamaza, mpe nafasi.

Ukiingia kanisani, vua kofia, punguza sauti. Ujenzi wake ulianza 1873 na kusimamiwa na Askofu Edward Steere, yule aliyeshughulika sana na sarufi ya Kiswahili. Amezikwa humo humo. Nyuma kuna nguzo ambazo inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu wakati yeye hayupo, na zikaachwa hivyo. Zitafute.

Hatua ya 8: Toka nje usome mlango

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo nitakayoirefusha. Mtu aliyekulia Unguja amepita mbele ya milango ya kuchonga maelfu ya mara. Kuupita mlango na kuusoma ni mambo mawili, na kuusoma kunataka robo saa.

Ingia mitaa ya nyuma ya Ngome: Gizenga, Hurumzi, Kiponda. Vichochoro ni vyembamba na nyumba ni ndefu, kwa hiyo jua hufika chini karibu na saa sita mchana. Huo ndio wakati nakshi zinapotoa vivuli na kuonekana vizuri. Chagua mlango mmoja uliofungwa, mkubwa, usimame upande wa pili wa njia. Kama kuna mtu barazani, msalimu na umwombe ruhusa ya kutazama. Nyumba ni ya watu.

Anza juu. Kama sehemu ya juu ni ya mstatili, iliyonyooka, huo ni mtindo unaoitwa wa Kiarabu. Kama ni ya upinde, umeathiriwa na mafundi wa Kihindi, na mingi ya namna hiyo ni ya mwishoni mwa karne ya 19 na kuendelea. Kwenye ubao wa juu kunaweza kuwa na maandishi, mara nyingi aya ya Qur'ani. Kama ulisoma chuo cha Qur'ani, sasa ndipo utakapoona faida yake: tafuta tarakimu. Mingine imewekwa mwaka wa Hijria. Ukikuta moja, tatu, sifuri, sifuri, na kumbuka sifuri ya Kiarabu ni nukta tu, huo ni mwaka 1300. Kwa milango ya zama hizo ongeza 583 na utapata mwaka wa kawaida kwa kukaribia: 1883, mwaka uleule wa Beit al-Ajaib. Hesabu hii ndogo nimewafundisha watoto wa mtaani kwetu, na sasa ndio wanaonionyesha mimi milango yenye miaka.

Shuka kwenye miimo, ile miti miwili ya pembeni. Tazama nakshi zinazopanda kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa mara nyingi utaona samaki au magamba yake, na mistari ya mawimbi. Juu yake majani na maua yanayopanda, na ukingoni mnyororo. Watembezaji watakupa maana ya kila kitu: samaki ni rizki, mnyororo ni ulinzi, mtende ni utajiri. Yasikilize, ni mapokeo mazuri, lakini usiyachukue kama kamusi. Wenye kueleza hawakubaliani wote, na fundi naye alikuwa na mazoea ya mkono wake.

Katikati ndipo penye mfaa, ule mti uliosimama na kufunika pale mbawa mbili zinapokutana. Umeshikizwa kwenye ubawa mmoja tu. Tafuta ni upi, na utajua ubawa upi ni lazima ufunguke kwanza. Mara nyingi mfaa umechongwa kwa ufundi kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu ndio unaotazamana na mgeni anayepiga hodi.

Kisha misumari ya shaba. Asili yake ni India, ambako inasemwa ilizuia tembo wasiusukume mlango. Kwetu haikuwa na wa kumzuia, ikabaki pambo na dalili ya uwezo wa mwenye nyumba. Itazame kama imeng'arishwa. Nyumba yenye watu shaba yake hung'aa. Iliyoachwa huwa kijani.

Chora mlango wako daftarini. Usiseme hujui kuchora. Mchoro mbaya wa dakika tano utakulazimisha kuhesabu maua, na ukishahesabu umeshaona.

Hatua ya 9: Pita maduka ya picha

Ukiwa Gizenga au Hurumzi utapita mbele ya picha za rangi kali: ndege, pundamilia, samaki, wanawake wenye ndoo. Nyingi zinaitwa tingatinga, kwa jina la Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa 1932 kusini mwa Tanzania, akaanza kuchora Dar es Salaam 1968 kwa rangi ya mafuta, ile inayong'aa ya kupaka vyuma, juu ya vipande vya ubao vya mraba. Alikufa 1972, alipigwa risasi na polisi kwa makosa. Alichora miaka minne tu, na mtindo ukabaki kwa wanafunzi wake na wa baada yao.

Ingia, salimu, sema wazi kwamba unatazama tu. Hakuna aibu. Muulize aliyepo dukani: hii kachora nani? Akikutajia jina na kukuonyesha nyingine za mkono uleule, simama utazame kwa makini. Akisema "zote tunazo" basi huenda ni picha za kunakili, na utaiona picha ileile duka la tatu. Kunakili hakuifanyi kuwa mbaya, ila bei isiwe ya kazi ya pekee. Usipige picha kazi ya mchoraji bila kumwomba. Ndiyo shamba lake.

Makonde wa kuchonga mpingo nao wapo. Geuza kinyago, kwa ruhusa, utazame chini na nyuma. Mpingo ni mzito na moyo wake mweusi, lakini mbao yake ya pembeni, karibu na ganda, ni ya rangi ya njano. Mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu utauhisi mkononi.

Hatua ya 10: Kaa chini

Tafuta baraza, agiza kahawa, andika mistari mitatu kuhusu kile kitu kimoja. Ulichokiona, ulichokishangaa, na swali ulilobaki nalo. Usiruke hatua hii kwa sababu ya daladala, nyingine itakuja.

Ukikwama

*Nimefika pamefungwa.* Uliza kwa adabu ni leo tu au ni matengenezo, kisha nenda hatua ya 8. Mwaka mmoja nilimleta mpwa wangu kutoka shamba kwa ajili ya jumba moja, tukakuta kufuli. Alilia. Tukatafuta milango yenye samaki, na mpaka jioni alikuwa amehesabu kumi na moja.

*Maelezo yote ni ya Kiingereza.* Mwombe mfanyakazi akusomee kibao kimoja tu, cha kitu chako. Na ukitoka, kama kuna daftari la wageni, andika kwa Kiswahili kwamba ungependa maelezo ya Kiswahili. Nimeandika hivyo kila mara, na nitaendelea.

*Nimetazama dakika tano sijahisi kitu.* Badilisha pahala uliposimama. Sogea karibu, rudi nyuma, chuchumaa. Kama bado, kiache. Si kila kitu ni chako.

*Mtoto kachoka.* Mpe kazi badala ya maelezo: tafuta simba wangapi, tafuta kitu cha zamani kuliko bibi. Akimaliza, ondokeni hata kama wewe hujamaliza.

*Mama hawezi ngazi.* Usimlazimishe ghorofa ya juu. Ngome ina uwanja wa chini, na uwanja wa Mkunazini ni tambarare. Mtafutie pa kukaa kwanza, sanaa baadaye.

*Mvua imeshika.* Masika huja na mvua ya kukaa. Barabara za mawe zinateleza sana, kwa hiyo baki ndani urudie kitu chako cha pili na cha tatu. Mvua imewahi kunipa saa nzima na kiti kimoja, na sijakisahau kiti kile.

*Mlinzi kanikataza kupiga picha.* Futa mbele yake, omba radhi, endelea. Usibishane kwamba kule chumba kingine uliruhusiwa.

*Mimi niko Pemba, haya yote ni ya Unguja.* Chake Chake ndani ya ngome ya zamani pana makumbusho, na hatua ya 3 mpaka ya 6 zinafanya kazi vilevile. Ukipata usafiri, magofu ya Pujini yanayohusishwa na Mkame Ndume, mtawala wa Pemba wa zamani, hayako mbali na mji. Na ukienda Chake Chake, mchukue mtu mzima. Mimi nilikwenda na bibi yangu, nikidhani namtembeza. Tulipofika kwenye vyombo vya nyumbani alisimama mbele ya mkeka na kuanza kutaja: ukili huu ni wa kukunja vipi, rangi hii hupikwa na nini, mwanamke wa kijiji gani alikuwa akishona namna hii. Mfanyakazi wa pale aliacha alichokuwa akifanya akaja kusikiliza, kisha akaomba kalamu. Daftari lilikuwa langu. Nilimpa karatasi mbili, na yeye akaandika mpaka saa za kufunga.